Baba kaacha vigari 48 katika bati la biskuti, mimi nanunua gari zake za kweli

Mjomba, shikamoo.

Nina miaka 41, mke na watoto watatu, nakaa Fuoni na kazi yangu ni umeme wa majumbani. Nakuandikia kwa sababu mwezi wa pili huu nyumbani najibiwa "ndiyo" na "hapana" tu, na sijui nianzie wapi.

Marehemu baba alikuwa karani bandarini Malindi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Baharia mmoja alimletea kigari kidogo cha chuma kama zawadi, wenzake wakaona, wakafuata. Baba hakuvichezea wala hakuturuhusu sisi. Siku ya Idi tu, tukishatoka kusali na kunywa chai, hulishusha bati la biskuti kutoka juu ya kabati, akatandika kanga ya mama sakafuni, akavipanga kimoja kimoja kama foleni ya Darajani. Kila kimoja na hadithi yake: Morris Minor kama hii alikuwa nayo mwalimu wake, Land Rover kama hii ilikuwa ikija kwao Wete watu wa kilimo wakikagua karafuu. Adhuhuri ikiadhiniwa bati linarudi juu, hatulioni mpaka Idi nyingine. Visanduku vyake vya karatasi mama alivimaliza zamani kwa kuwashia jiko la makaa.

Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Mimi ndiye mkubwa, bati likaja kwangu, hakuna aliyeuliza. Mna vigari 48. Vingi vimeandikwa chini Lesney, vingine Dinky Toys, vitatu Corgi. Mna basi jekundu la ghorofa, mna gari ya kushindilia barabara, na mna kimoja cha Dinky ambacho kinapasuka chenyewe mle ndani bila kuangushwa na mtu.

Mwanzo nilikuwa nikivitazama usiku tu. Kisha likanijia wazo kwamba kila kigari nikitafutie gari yake ya kweli, angalau zile alizokuwa akizitaja baba. Morris Minor niliikuta Kizimbani chini ya mshelisheli, haina injini, nikainunua laki tatu. Land Rover niliipata Pemba, ikavuka kwa meli ya mizigo. Hapo ndipo nilipoharibu. Mwezi ule zamu ya mchezo ilikuwa ya mke wangu, laki nane, kaziweka za kununulia cherehani ya pili. Nikazikopa. Nilikuwa nimwambie Ijumaa. Gari ikafika Alhamisi.

Sasa Morris kuku wanataga kiti cha nyuma. Mke wangu huenda akaokota mayai, akapita mbele yangu nayo, hasemi neno.

Juu ya hayo, shemeji yangu ni fundi wa rangi, anataka kuvipiga rangi vigari vyote viwe vipya. Ataanza na Morris Minor ile ndogo, ambayo ina rangi ya udongo iliyofifia, aifanye kijani ifanane na ile kubwa. Kuna na mgeni aliyefikia Shangani, kaviona, anatoa dola 300 kwa bati zima na wiki ijayo anaondoka. Ndugu yangu wa Dar es Salaam kasikia habari ya dola, simu haikatiki. Dada zangu wawili kimya. Mama anasema "mie simo". Na mwanangu wa mwisho, miaka sita, kachukua lori la Bedford kapeleka skuli.

Niuze? Nipake rangi? Niendelee kununua? Na mke wangu nimwambieje?

Mwenye Gereji, Fuoni

*

Marahaba, mwanangu.

Hayo ya vigari ni matamu na nitakuja kuyala taratibu. Tuanze na lile chungu.

Hizo laki nane hukuzikopa. Mkopo wanaujua watu wawili, na huu ulikuwa unaujua peke yako mpaka meli ilipofunga gati. Pesa ya mchezo ya mke ni yake. Ingekuwa yako, ungekuwa wewe ndiye unayekaa mkekani kila mwezi na wanawake wenzake kuihesabu. Basi usiende kwake na hadithi ya Land Rover wala ya marehemu baba yako, maana baba yako hakuchukua cherehani ya mtu. Nenda na pesa mkononi, hata iwe laki moja na nusu, na tarehe za zilizobaki, halafu mwambie umekosa. Akiendelea kununa mwache anune. Usinunue hata nati moja ya gari mpaka ya mwisho irudi. Na ile Morris utaiuza kusaidia deni hilo, nitakwambia kwa nini.

La pili huenda likakuuma zaidi: bati si lako. "Mimi ndiye mkubwa, likaja kwangu" ni sentensi iliyovunja udugu katika nyumba nyingi za hapa kisiwani. Miaka mitatu hamjagawa mirathi na unauliza uuze au usiuze! Kama hakuna deni la marehemu wala wasia wa kutangulizwa, na warithi ni hawa uliowataja tu, mama yako ana thumni, na kilichobaki kila mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Fanya hesabu kwa vigari 48 utashangaa ilivyokaa: mama 6, dada zako 7 na 7, wewe na mdogo wako 14 na 14. Haivunjiki hata gurudumu.

Ila usije ukavigawa kwa vichwa, kwa sababu kigari na kigari si sawa, na hapo ndipo penye mgogoro wako wote. Vyaweza vikawemo 40 ambavyo kwa pamoja havifikii thamani ya kimoja. Andika orodha, kila mrithi awe na nakala yake, kisha nendeni kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, mgawiwe kwa thamani. Pengine wote watasema bati libaki pamoja na wewe uwe mtunzaji. Waseme wao. Hao dada zako walionyamaza ndio wa kuulizwa mwanzo.

Kwa orodha hiyo ndiyo unahitaji kujua una nini, na shemeji yako umwambie aiweke bunduki ya rangi chini leo hii, kabla hata hujamaliza kunisoma.

Vigari hivi vilimiminwa. Madini yaliyoyeyushwa, zinki kwa wingi na alumini kidogo na mengineyo, yanasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, yanaganda, kinatoka kigari na milango yake imeshachorwa. Dinky Toys ilianza na jina hilo mwaka 1934, ya kampuni ya Meccano ya Liverpool. Lesney ni ya London, 1947, ya rafiki wawili, Leslie Smith na Rodney Smith, ambao hawakuwa ndugu hata kidogo. Waliunganisha Leslie na Rodney wakapata jina. Mwenzao Jack Odell alikuwa na binti ambaye skuli yao haikuruhusu mtoto kuja na kitu cha kuchezea kisichoenea ndani ya kiberiti. Akamtengenezea gari ya kushindilia barabara, ndogo ya kuenea kiberitini. Watoto wenziwe wakaitaka. Toka 1953 wakauza safu nzima ndani ya visanduku mfano wa kiberiti, ndiyo Matchbox. Corgi ilikuja 1956, na sifa yake ilikuwa madirisha: vigari vyake vilikuwa na vioo vya plastiki wakati wenzao wanaachia matundu.

Kwa kuwa kila kitu kilibidi kienee kisandukuni, Matchbox hawakufuata kipimo kimoja. Liweke basi lako la ghorofa pembeni ya Morris: urefu haupishani sana, kama kwamba abiria wa basi ni visisimizi. Usidhani ni la bandia. Ndivyo walivyo.

Sasa ipindue ile Morris ya rangi ya udongo. Chini utakuta nambari 46. Ilitoka 1958, na zinazojulikana zaidi ni za kijani na za buluu. Ya rangi ya udongo ndiyo adimu, ile ambayo watu wazima wenye akili zao huvuka bahari kuitafuta. Shemeji yako alitaka kuifanya kijani! Sikuapii kuwa yako ni ya asili, maana baharia naye huenda alikuwa na shemeji fundi. Itazame mwenyewe mchana, kwa kioo cha kukuzia. Kiwandani bodi ilipakwa rangi kwanza, halafu ndipo chini yake ikafungwa kwa ribiti. Ukiona rangi imepanda juu ya kichwa cha ribiti, au imerukia magurudumu, au ribiti imetobolewa ikafungwa upya, basi imepakwa nyumbani. Ukiona ribiti ni kavu na safi na rangi imekatika vizuri pembezoni, ifunge kitambaa laini na usimwoneshe mtu mpaka siku ya orodha.

Magurudumu nayo yanasema umri. Matchbox za mwanzo kabisa zilikuwa na ya chuma, zikaja plastiki ya kijivu, kisha nyeusi. Yale yenye ekseli nyembamba, yanayoteleza kama yamepakwa mafuta, ni ya 1969 kuendelea, walipolazimika kushindana na Hot Wheels za Marekani. Na ukikuta sura ya Dinky lakini chini pameandikwa Nicky Toys, si wizi. Kalibu za zamani ziliuzwa Calcutta, wakatengeneza huko. Kwa bandari yetu na India ilivyo, nisingeshangaa ukiwa nayo moja.

Bei ya mgeni wako igawe mwenyewe: dola 300 kwa vigari 48 ni dola sita na kidogo kwa kimoja. Kwa kigari cha kawaida kilichochubuka, si bei ya matusi. Lakini mtu anayetaka bati zima bila kuchagua huwa keshakiona kimoja. Mwambie mali ina wenyewe, akirudi mwaka mwingine mtamsikiliza. Visanduku vya karatasi, ambavyo pengine navyo vingekuwa na bei karibu sawa na vigari vyenyewe, tusivitaje tena. Mama yako asijue kamwe alichokuwa akiwashia jiko.

Kile cha Dinky kinachopasuka chenyewe kimenikalia moyoni toka nilipoisoma barua yako. Ni maradhi ya zinki. Kabla ya vita kuu ya pili, madini ya risasi yalikuwa yakiingia kwenye zinki kwa uchafu wa kiwandani, kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha: madini yanavimba ndani kwa ndani, yanapata nyufa, mwisho yanavunjika kama biskuti. Unyevu unayaharakisha, na sisi hapa unyevu ndio tunaouvaa. Hakiponi wala hakiambukizi wenzake. Kiweke peke yake pakavu, usikishikeshike. Lakini ona: vingi vyenye maradhi hayo ni vya miaka ya 1930, na baba yako alianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Yule aliyempa hakukinunua dukani akiwa safarini. Kuna uwezekano mkubwa alimpa kigari alichokichezea mwenyewe utotoni.

Vilivyobaki vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, mswaki laini, uvikaushe vizuri, ila vyenye stika za karatasi usivitie majini. Ndani ya bati tia vile vijipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Rangi usiguse. Kigari kilichopakwa upya kimekuwa kipya na kimepoteza karibu thamani yake yote, na michubuko ile ni historia ya mikono ya watu.

Tuje kwenye gereji yako. Mimi nimekuwa utingo wa gari ya shamba, Bedford yenye bodi ya mbao, kabla sijawa fundi, kwa hiyo usinione nakukataza ukadhani siujui utamu. Nakuuliza kama fundi. Basi la ghorofa utalipata wapi, na ukilipata litapita vipi chini ya nyaya za umeme za Fuoni ambazo nyingine pengine umezifunga wewe? Gari ya kushindilia barabara utaiegesha wapi? Baba yako alikuwa na gari 48 na hajawahi kulipia spea.

Morris Minor na Land Rover zote mbili zilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, Land Rover Amsterdam mwezi wa Aprili, Morris London mwezi wa Oktoba. Rika moja, lakini miili tofauti. Land Rover ilizaliwa wakati chuma kinatolewa kwa mgao baada ya vita, wakaivika alumini. Kwa hiyo bodi yake hapa kwetu hustahimili hewa ya bahari, kinachooza ni chesisi, ambayo ni chuma. Chukua nyundo ndogo na bisibisi, lala chini ya gari, gonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma, hasa pale springi zinaposhikia na ile boriti ya nyuma kabisa. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hujibu kama papai. Bisibisi ikizama, pesa zako nazo zimezama. Angalia pia alumini inapogusana na chuma, hapo kwa chumvi huliwa ikageuka unga mweupe. Na taa za mbele, zimo kifuani, kati, au zimehamia mabegani? Zilihamia mabegani mwishoni mwa miaka ya 1960. Kile kigari chako cha Land Rover, cha Matchbox nambari 12, kama ni kile kisicho na paa, taa zake zimo kifuani. Kama gari yako nazo ni za kifuani, basi umepata pacha wake wa kweli, na hiyo nakuruhusu ubaki nayo. Ikae juu ya matofali, ifunikwe, ingoje deni la mkeo liishe.

Morris haina chesisi ya peke yake. Sakafu na kingo za chini za mlango ndizo zinazoibeba, na zote ni bati la chuma. Imelala Kizimbani chini ya mshelisheli misimu mingapi ya masika? Inua zulia la mbele, kama lipo. Nadhani utaiona ardhi. Kuijenga upya ni kuchomelea gari nzima, tena huna injini. Milango, taa na vioo vina watu wanaovihitaji; iuze kwa vipande, laki tatu zako zitarudi. Kabla hujaiuza futa vumbi kwenye boneti. Katikati utaona ukanda bapa umepita mbele hadi nyuma. Alec Issigonis, aliyeibuni, aliona gari yake ya majaribio imekaa nyembamba mno, akaamuru ikatwe katikati kwa urefu, nusu mbili zitengwe inchi nne, kama sentimita kumi. Ilipomridhisha ikaundwa hivyo hivyo, na ukanda ule ndio kumbukumbu ya msumeno. Muoneshe mwanao hilo. Na kuku wa mkeo watafutie banda kabla hujaanza kufungua milango, usije ukamkosesha na mayai.

Kama bado roho inataka gari za kweli, zitafute kwenye karatasi. Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na picha za zamani za Capital Art Studio barabara ya Kenyatta, utaona mitaa ya Mjini na gari zake. Kwa kila kigari andika kadi: baba alisema ilikuwa ya nani, ikipita wapi. Uliyoyasahau mdogo wako anayakumbuka, na hayo pia ni mazungumzo mazuri zaidi kuliko ya dola. Mama naye anasema hayumo, lakini kanga ilikuwa yake. Mwambie atandike.

Mtoto mnunulie kigari chake cha Darajani, au mtengenezeeni cha makopo na magurudumu ya kandambili, ambacho kwa maoni yangu kinazidi vyote hivyo. Vile vya babu asivichezee. Rangi za zamani huwa na risasi, na mtoto wa miaka sita kila kitu anakionja. Usimpige. Nenda skuli kesho asubuhi mapema, kabla ya mapumziko, umuulize mwalimu wake habari za ile Bedford.

Mjomba wako